Chumba cha chujio cha akwaria ya matumbawe: hesabu kwanza maji yatakayorudi umeme ukikatika

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, anajenga nyumba na ametenga chumba cha mita 3 kwa 4 nyuma ya ukuta wa sebule. Sebuleni ataweka tangi la matumbawe lenye urefu wa mita 2.5, upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 70. Anauliza tangi la chini, yaani lile la chumbani linalopokea maji ya sebuleni, kuyachuja na kuyarudisha juu kwa pampu, liwe kubwa kiasi gani, vifaa vipangwe vipi chumbani, na kama valvu ya kuzuia maji kurudi inatosha kumlinda siku umeme unapokatika. Mafundi wake wanamwaga sakafu wiki ijayo.

Ndugu yangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya sakafu kumwagwa, kwa sababu nusu ya makosa ya chumba cha chujio hufungiwa ndani ya saruji, na kuyaondoa baadaye ni kuvunja. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Valvu ya kuzuia maji kurudi haitoshi. Miaka kadhaa iliyopita niliifunga moja katika nyumba ya mtu hapa mjini, mpya, ya gharama, na niliijaribu mara tatu mbele ya mwenye nyumba. Kila mara ilishika vizuri. Miezi minane baadaye umeme ulikatika usiku, na asubuhi maji ya chumvi yalikuwa yamefika korido. Nilipoifungua valvu nilikuta konokono mdogo, ganda lake halizidi punje ya mahindi, amekwama chini ya ulimi wa mpira. Ulimi ulibaki wazi upana wa kucha, na mwanya huo ulitosha. Hata bila konokono, chokaa ya maji ya bahari huganda taratibu kwenye kingo za valvu, na siku utakapoihitaji haitafunga. Ukitaka kuiweka, iweke, lakini chora chumba chako kana kwamba haipo.

Kinachokulinda ni nafasi tupu ndani ya tangi la chini, na nafasi hiyo inahesabika. Uso wa tangi lako la sebuleni ni mita 2.5 kwa 0.8, yaani mita 2 za mraba, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 20. Pampu ikisimama, maji yataendelea kushuka kupitia bomba lile lile lililokuwa likiyapandisha, kwa nguvu ya sifoni, mpaka mdomo wa bomba uvute hewa. Mdomo ukiwa sentimita 4 chini ya uso, zitashuka lita 80. Ongeza maji yaliyomo ndani ya kisanduku cha kufurikia, kile kinachopokea maji ya juu ya tangi kabla hayajashuka: kikiwa na urefu wa sentimita 60, upana wa 15 na kina cha 40, ni lita 36. Ongeza na lita kama 10 zilizomo ndani ya mabomba. Jumla ni lita 126.

Sasa tuseme tangi la chini lina urefu wa sentimita 180, upana wa 70 na kimo cha 50, kipimo ambacho kinaingia vizuri katika chumba chako. Kila sentimita yake ni lita 12.6. Ukiliendesha likiwa na maji ya kina cha sentimita 25, zile lita 126 zitalipandisha sentimita 10 tu, na bado utabaki na sentimita 15 za usalama. Lakini fundi akikuwekea midomo ya mabomba sentimita 15 chini ya uso, kwa kuwa inapendeza zaidi isipoonekana, zitashuka lita 300 badala ya 80. Jumla itakuwa lita 346, tangi la chini litadai sentimita 27, na wewe unazo 25. Tofauti kati ya sakafu kavu na sakafu iliyofurika iko kwenye kiwiko kimoja cha bomba. Wapo wanaotoboa tundu dogo karibu na uso ili kukata sifoni. Ni jambo jema, ila mwani na konokono huliziba kama wanavyoziba valvu, kwa hiyo tundu hilo nalo lisiingie katika hesabu.

Kuna hatari ya pili ambayo wengi hawaihesabu kabisa, nayo ni kinyume cha hii: njia ya kushukia maji inaziba huku pampu ikiendelea kupandisha. Hapo kinachomwagika ni tangi la sebuleni, juu ya viti na zulia. Dawa yake ni kukifanya kidogo chumba cha pampu ndani ya tangi la chini. Kikiwa sentimita 40 kwa 70, kila sentimita yake ni lita 2.8, na pampu ikianza kuvuta hewa baada ya uso kushuka sentimita 20, itakuwa imepandisha lita 56 tu, sawa na sentimita 2.8 sebuleni. Kumbuka hata hivyo kwamba boya la kujazia maji yanayovukizwa liko katika chumba hicho hicho: likiona uso umeshuka litadhani maji yamevukizwa, litafungua pipa la maji safi, na pampu itayapandisha na hayo. Pipa la lita 40 linaongeza sentimita 2, pipa la lita 200 linaongeza 10. Kwa sababu hiyo pipa linalounganishwa na boya liwe la lita 40, na uso wa tangi la sebuleni ukae sentimita 6 au 7 chini ya ukingo. Pipa dogo linakukinga pia na msiba wa boya kukwama wazi, kwa kuwa lita 40 ndani ya lita zako 1,700 hivi zitapunguza chumvi kutoka gramu 35 kwa lita hadi 34.2 tu, kiasi ambacho matumbawe yatakivumilia.

Njia ya kushukia yenyewe ninakushauri iwe ya mabomba matatu. La kwanza linajaa maji tupu bila hewa, na mtiririko wake unarekebishwa kwa valvu ya geti; la pili linabaki wazi na kupitisha kijito chembamba tu; la tatu ni kavu siku zote na mdomo wake uko juu kidogo, likingoja siku ambayo yale mawili yatashindwa. Mpango huu haupigi kelele, na siku utakaposikia bomba la tatu likigugumia utajua kuna jambo la kuangalia. Bomba moja nene linalovuta maji na hewa pamoja litanguruma usiku kucha nyuma ya ukuta wa sebule yako.

Mtiririko wa kupitia tangi la chini hauhitaji kuwa mkubwa. Mara 4 kwa saa zinatosha, yaani lita 5,600 kwa tangi lako la lita 1,400. Mawimbi yanayotakiwa na matumbawe yafanywe na pampu za panga, zenye mapanga kama ya feni, zilizofungwa ndani ya tangi la juu, ambazo hutembeza maji mengi kwa wati chache. Kwa kuwa chumba chako kiko sakafu moja na sebule, maji yatapandishwa chini ya mita 1, na hilo ni pungufu kubwa la gharama ya umeme ukilinganisha na wenye chumba cha chini ya ardhi.

Tangi la chini lenyewe ligawe kwa kuta za kioo. Maji yaingie kwanza katika mifuko ya kitambaa inayokamata uchafu mkubwa, ambayo inabidi ioshwe kila baada ya siku tatu au nne. Usipoweza kuiosha, afadhali usiiweke, kwa sababu uchafu uliokamatwa na kuachwa unaoza mahali pale pale. Kisha yaingie katika sehemu ya skima, yaani mnara unaokamata uchafu ulioyeyuka kwa kuunasa katika mapovu madogo. Sehemu hii iwe na kina kisichobadilika, kinachoshikiliwa na ukuta wa kioo wa kimo kile anachotaka mtengenezaji wa skima, kwa kawaida kati ya sentimita 15 na 25. Skima iliyowekwa mahali ambapo uso hupanda na kushuka leo itatoa maji matupu, kesho haitatoa kitu. Baada ya skima unaweza kuacha nafasi ya mwani, hasa ule unaofanana na uzi wa nailoni uliosokotana, unaokula naitreti na fosfeti. Taa yake iwake usiku, wakati taa za sebuleni zimezimwa, ili usawa wa pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, usianguke sana gizani. Chumba cha pampu kiwe cha mwisho, na hicho pekee ndicho uso wake ushuke kadiri maji yanavyovukizwa.

Jambo linalofuata ndilo ninalolisisitiza zaidi kwa wakazi wa Lubumbashi kuliko kwa mtu wa mji mwingine wowote. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na shaba ni sumu kwa matumbawe, kamba, konokono na karibu kila kiumbe cha bahari kisicho na uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa, na mtu mzima hadhuriki. Lakini wanaotibu vimelea vya samaki wa bahari kwa shaba hutumia miligramu 0.15 hadi 0.25 tu kwa lita, na kiasi hicho kinatosha kuua kamba na konokono. Maji unayomnywesha mtoto bila wasiwasi yanaweza kuwa na shaba mara nane ya dozi hiyo. Kwa hiyo hata tone la maji ya bomba ya Regideso au ya kisima lisiingie katika mfumo bila kupita katika utando wa osmosisi, unaopitisha maji na kuzuia chumvi, na kisha rezini ya kuondoa ayoni, yaani mabaki ya chumvi hizo, mpaka kipimo cha chumvi zilizoyeyuka kisome sifuri.

Utando wa kiwango cha lita 284 kwa siku unakutosha, lakini unataka shinikizo la baa 4 hivi, ambalo bomba la mtaani mara nyingi halina, hivyo panga pampu ndogo ya kuongeza shinikizo, na utegemee uzalishaji mdogo zaidi maji yanapokuwa ya baridi. Kwa kila lita safi utamwaga lita tatu au nne. Usizielekeze kwenye mfereji, zipeleke kwenye pipa la kufulia na kumwagilia bustani. Halafu kagua kila kiungo kati ya rezini na tangi. Niliwahi kuona mfumo mzima wa plastiki, umefungwa kwa uangalifu mkubwa, ambamo fundi alikuwa ametumia kiunganishi kimoja cha shaba nyeupe chenye ukubwa wa kidole gumba kwa sababu cha plastiki kilikuwa kimekwisha dukani. Kilikuwa kimeota ukoko wa kijani kibichi, ule ule tunaouona kwenye mawe ya malakiti, na konokono wote wa tangi hilo walikuwa wamekufa. Bomba, au tiyo kama wanavyosema mafundi wetu, liwe la PVC kutoka mwanzo hadi mwisho, na valvu pia. Vumbi nalo ni adui: dirisha la chumba liwe na wavu mzito, na tangi la chini liwe na vifuniko.

Tuje kwenye hewa. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na viumbe unaotaka kuwafuga wametoka mita sifuri. Maji ya bahari yenye joto la digrii 25 hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita pale pwani. Hapa kwetu, kwa kuwa hewa ni nyepesi zaidi, yatabeba kama 5.8. Matumbawe na samaki wanaishi vizuri kwa kiasi hicho, lakini akiba yako ni ndogo, na pampu zote zikisimama usiku, kitakachoua kwanza ni kukosa oksijeni, muda mrefu kabla ya baridi au uchafu. Ndiyo maana betri yako ya akiba isilishe skima wala hita wala taa. Ilishe pampu moja ya panga inayokoroga uso wa tangi la juu. Betri ya volti 12 na ampia-saa 200, ya aina ya risasi, ambayo si vyema kuitumia zaidi ya nusu, inakupa wati-saa 1,200. Pampu ya wati 60 itazunguka saa 20. Panga swichi ya kugeuza yenyewe, kwa maana SNEL, shirika letu la umeme, haikatizi umeme ukiwa macho tu.

Jenereta iwe nje na mbali. Skima hunywa hewa nyingi kila saa, na moshi ulio karibu nayo unaingia majini moja kwa moja. Mbabula nayo, yaani jiko la makaa, ikiwashwa ndani katika baridi ya Juni, hujaza nyumba kwa kaboni dayoksaidi, na kipimo cha pH cha tangi kitashuka bila mwenye nyumba kuelewa sababu. Toboa ukuta sasa hivi, ukiwa bado wa matofali, upitishe mpira wa hewa wa skima hadi nje, upande ambao hautawahi kuwa na jiko wala jenereta.

Uvukizaji utakuwa mkubwa kuliko unavyodhani, hasa katika kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, hewa inapokauka. Tangi la ukubwa wako linaweza kupoteza lita 18 kwa siku, na maji hayo hayapotei peke yake: kuyageuza kuwa mvuke kunakula joto sawa na hita ya wati 500 inayowaka mchana na usiku. Mvuke huo ukibaki chumbani utaotesha ukungu kwenye dari na kutu kwenye kila msumari. Feni ya kutoa hewa ni ya lazima, iwe na kidhibiti cha unyevu ili isipoze maji bure usiku wa Julai, na dari ipakwe rangi ya bafuni. Hita ziwe nne za wati 300 badala ya moja kubwa. Ikikwama moja ikiwaka, haiwezi kupandisha lita 1,700 hata digrii 0.2 kwa saa, na utakuwa na siku nzima ya kuigundua; ikifa moja, tatu zinabaki.

Kuhusu umeme wa chumba, kila soketi iwe juu ya usawa wa kichwa cha tangi la chini na kando yake, kamwe isiwe juu yake. Waya ushuke kwanza chini ya soketi kisha upande, ili tone linalotembea juu yake lidondoke kabla ya kufika kwenye soketi. Mwambie fundi afunge diferensieli ya miliampia 30, yaani swichi inayojizima yenyewe umeme ukivuja, tena ziwe mbili kwenye laini mbili tofauti, pampu ya kurudisha maji kwenye moja na pampu za panga kwenye nyingine. Hita iliyopasuka isiweze kusimamisha kila kitu kwa pamoja ukiwa safarini.

Na sasa sakafu, kwa kuwa ndiyo inayosubiriwa. Tangi la sebuleni likijaa, pamoja na kioo, mawe na stendi, litakaribia tani 2, hivyo chini ya stendi zege liwe na nondo na liwe sawa kabisa. Sakafu ya chumba iinamie kwenye shimo la kutolea maji kwa sentimita 1.5 hadi 2 kila mita, ipakwe dawa ya kuzuia maji hadi sentimita 20 za ukuta, na mlango uwe na kizingiti cha sentimita 10. Chumba cha mita 12 za mraba chenye kizingiti hicho kinaweza kushika zaidi ya lita 1,000 hata shimo likiziba, na kwa maoni yangu hakuna kifaa katika mradi mzima kitakachokulinda kwa bei ndogo kama hiyo. Nimeona watu wakinunua taa za maelfu ya dola na kubana matofali manne ya kizingiti. Tangi la chini lisikae sakafuni. Linyanyue sentimita 30 juu ya matofali ili uweze kulimwaga bila pampu, na juu ya skima uache nafasi ya kutoa kikombe chake bila kugonga rafu. Kati ya tangi na ukuta acha sentimita 80 za kupita na ndoo mkononi. Kila pampu iwe na yunioni, yaani kiungo kinachofunguliwa bila kukata bomba, na valvu pande zote mbili, na pampu ya pili ya kurudisha maji, ya aina ile ile, ikae kwenye rafu ikiwa kavu, kwani uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini na kipuri hakitafika wikiendi.

Upande wa pili wa chumba weka sinki na mapipa mawili ya lita 200, moja la maji safi na moja la kuchanganyia chumvi. Kujaza mara ya kwanza kutakula karibu kilo 60 za chumvi ya akwaria, nunua zaidi kidogo kwa kuwa chumvi hiyo hubeba unyevu, na kubadilisha asilimia 10 kila wiki mbili kutadai kilo 6. Ukija kutumia maji ya chokaa kuongeza kalsiamu, tumia hidroksaidi ya kalsiamu safi ya maabara au ya chakula, si chokaa ya ujenzi, kwa sababu ile ile niliyoieleza juu ya shaba.

Kazi ikiisha, jaza mfumo wote kwa maji ya kawaida, kwa jaribio hili tu kabla ya kiumbe chochote kuingia, na uuendeshe kwa siku tatu. Zima swichi kuu, subiri nusu saa, na uchore mstari kwenye kioo cha tangi la chini pale maji yaliposimama. Washa tena, kisha ziba kwa mkono mabomba mawili ya kwanza ya kushukia na uone kama la tatu linabeba mtiririko wote. Mara ya mwisho ziba yote matatu, uache pampu ivute hadi ikauke, na upime maji yamebakiza sentimita ngapi kufika ukingo wa tangi la sebuleni. Vipimo hivyo vikilingana na hesabu, mwaga maji hayo yote, suuza, ujaze upya kwa maji ya osmosisi, ndipo ufungue mfuko wa kwanza wa chumvi.